Mama Agathe Kahozi, na Binti Ambaye Mama Alikataa Kumlilia

Mama Agathe Kahozi alizaliwa Kabalo, Kongo, tarehe 14 Februari 1963. Alisoma kwa masista mjini Kalemie, ambako alijifunza kushona na kubishana. Vyote viwili alivifanya hadi mwisho.

Mwaka 1985 aliolewa na Jean, fundi wa reli. Mungu aliwajalia Fortunat, Gires na Miradie. Agosti 1998 vita vilipofika Kalemie, familia ilikimbilia stesheni. Katika msukumano wa kupanda treni, Miradie, mwenye miaka sita, alichomoka mikononi mwa mama yake. Treni ikaondoka, mtoto akabaki.

Jean alifariki mwaka 2001 katika kambi ya wakimbizi, Tanzania. Mama alimlilia, akamfanyia matanga. Kwa Miradie alikataa katakata. Aliyethubutu kumwita mtoto huyo marehemu alionyeshwa mlango.

Alifika London mwaka 2003. Alifanya usafi maofisini, kisha akatunza wazee Woolwich, na kila Krismasi alimpakulia Miradie sahani yake.

Julai 2024 wanawe walimpeleka, pamoja na mjukuu wake Shekinah, kwenye bustani ya reli ndogo karibu na Rayners Lane, ambako abiria hupanda vibehewa vifupi kama anayepanda baiskeli. Mama alikaa cha mbele, peke yake. Dereva, Bwana Dhiren, mzaliwa wa Kisumu, aligeuka.

"Mama, shika huyo mtoto vizuri, tunaingia handaki!"

Watu wakacheka. Walipotokea upande wa pili, Bwana Dhiren alifunga breki, uso umemsawijika.

"Yule msichana ameshukia wapi?"

"Mzee, wewe jua limekupiga," Gires alimtania.

Mama hakucheka. "Alivaa nini?"

"Gauni la njano. Mguu mmoja hauna kiatu."

Kiatu hicho, kilichobaki mkononi mwa Mama siku ile ya treni, kilikuwa Woolwich, kabatini mwa Mama, kimefungwa kitambaani tangu Kalemie. Hata wanawe hawakuwa wamewahi kukiona.

"Basi," alisema Mama. "Amefika."

Jioni ile aliomba matanga, akamlilia binti yake mpaka sauti ikakauka.

Kuanzia Novemba moyo ulimsumbua, akatibiwa hospitali Lewisham. Aliagiza: "Siku mkisoma wasifu wangu, msinisome peke yangu." Alilala asubuhi ya tarehe 3 Machi 2025, wanawe wakiwa kando yake.

Ameacha Fortunat, Gires na mjukuu Shekinah. Jeneza ni moja, lakini leo familia inawaaga wawili: Mama Agathe Kahozi, 1963 hadi 2025, na Miradie, 1992 hadi 1998.

Wapumzike kwa amani.