Mwalimu Akou Dzigbodi Tsogbe, Aliyefundisha Kiingereza Kpetodzi

Ndugu, majirani, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: huyu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 12 Agosti 2023, alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Februari 1976, hapahapa Kpetodzi. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Koffi Tsogbe, mkulima wa kahawa, na Mama Afiwa, aliyeketi hapa mbele. Kwa kuwa ilikuwa Jumatano aliitwa Akou, kama ilivyo desturi yetu Waewe. Jina la Dzigbodi, yaani subira, alipewa na bibi yake, kwani mama yake alikaa na uchungu siku mbili.

Shule ya msingi alisoma hapa, ya sekondari akasoma Kpalimé akiishi kwa shangazi yake. Huko, alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mwalimu wa Kiingereza aliinua kalamu juu akamwuliza kwa Kiingereza, "Hii ni nini?" Dzigbodi akamjibu kwa Kiewe, "Mwalimu, kwani huioni?" Alipigishwa magoti uani hadi kengele ya mchana. Kisa hicho alikisimulia kila Krismasi, akicheka peke yake kabla hajafika mwisho. Mwaka 1999 alihitimu shahada ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Lomé.

Oktoba mwaka huohuo alianza kufundisha katika sekondari ya chini ya kijiji chetu, na hakufundisha kwingine. Alifundisha kama alivyofundishwa: yeye anapaza sauti, watoto wanaitikia. Mwanzoni walikuwa arobaini, baadaye sitini, mwishowe themanini na wanne katika chumba kimoja chini ya bati, na mvua ikinyesha alilazimika kupiga kelele. "Bwana Johnson yupo bustanini!" Hata wanaopita kwenda shambani walijua kwa Kiingereza kwamba Bwana Johnson yupo bustanini. Lakini hakukuwa na mtoto aliyeweza kuomba maji ya kunywa kwa lugha hiyo. Jambo hilo lilimuuma miaka mingi, na hakujua afanye nini.

Tarehe 27 Desemba 2003 alifunga ndoa na Edem Kpodo, fundi seremala. Edem alimwomba amfundishe sentensi moja tu ya Kiingereza ya kumwambia mbele ya wageni. Aliikosea siku ile, na ameendelea kuikosea miaka yote. Dzigbodi, aliyesahihisha kila mtu, hakuisahihisha hata mara moja. Walijaliwa watoto wawili.

Mwanzoni mwa 2022 sauti yake ilianza kukwaruza. Alikunywa asali na tangawizi, akaendelea kufundisha. Septemba mwaka huo, huko Lomé, madaktari waligundua kuwa ni saratani ya koo.

"Mama, unafanya kazi gani?" daktari aliuliza.

"Mwalimu."

"Darasani una watoto wangapi?"

"Themanini na wanne."

Daktari akaweka kalamu chini. Edem akauliza, "Aache kazi?"

"Aache kusema," daktari akajibu.

Walipofika nyumbani akamwambia mumewe kwa mnong'ono, "Edem, mimi nikinyamaza, nani atasema mle darasani? Watasema wao. Nikatie makaratasi magumu."

Edem alikata makasha ya nyanya usiku na mchana. Dzigbodi alichora soko, kila soko mara mbili: mchoro mmoja una bei za samaki, mwingine una bei za viazi vikuu. Safu moja ya madawati iligeuzwa itazamane na ya nyuma yake, na kila mtoto alitakiwa kumwuliza mwenzake kwa Kiingereza kile asichokiona. Siku ya kwanza watoto walionyeshana michoro, wakamaliza kwa dakika moja, kisha wakaanza kugombana kwa Kiewe. Mwalimu wa hesabu, Bwana Foli, alichungulia dirishani: "Bi Dzigbodi, hili ni darasa au mnada wa mbuzi?" Dzigbodi alicheka naye. Kisha akaenda kukaa nyuma ya ghala la vitabu, akalia hadi Bwana Foli mwenyewe akaja kumwomba radhi.

Hakuacha. Alisimamisha daftari wima katikati yao ili wasionane. Wale wazito aliwapa michoro yenye majibu, ili wenye ulimi mwepesi walazimike kuwauliza. Kila benchi likapata kiongozi wake, kwa kuwa yeye hakuweza tena kuita. Januari ilipofika, binti mmoja aitwaye Akpene, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hajawahi kutoa neno darasani, alisimama juu ya benchi akamfokea mwenzake kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika, "Mwongo wewe! Samaki hawauzwi hivyo!" Siku hiyo Dzigbodi aliingia nyumbani akipiga makofi, maana kelele za furaha hakuwa nazo tena.

Tarehe 14 Machi 2023 alikuja mkaguzi. Dzigbodi alisimama ukutani, kitambaa shingoni, na watoto wakasema saa nzima. Mkaguzi aliandika hivi: "Kelele nyingi. Mwalimu hakufundisha."

Mwalimu mkuu, Bwana Tchalla, alimsihi. "Dada yangu, rudi kwenye kitabu. Mtihani wa Juni ni wa kuandika. Hakuna anayepimwa kwa kusema."

Dzigbodi aliandika kwenye kibao: "Nipe hadi Juni."

"Sina uwezo huo, dada. Barua imeshatoka juu."

Kuanzia Aprili alipelekwa kutunza ghala la vitabu, na kupitia ukuta akasikia darasa lake likiitikia tena habari za Bwana Johnson. Wanafunzi walimfuata nyumbani alasiri, wakakaa uani kwa Edem juu ya mbao. Wakati huo alikuwa akipumua kwa mpira uliopitishwa kwenye tundu lililotobolewa kooni. Alifundisha kwa mikono na chaki. Juni hakuweza kusimama.

Matokeo ya mtihani yalibandikwa Alhamisi, tarehe 20 Julai. Kati ya themanini na wanne walifaulu ishirini na watatu. Dzigbodi alikuwa kitandani, akaandika: "Wangapi?"

"Wengi," Edem alisema.

Akaandika: "Nani?"

Edem akaanza kutaja. Akpene alimtaja kwanza, na hilo lilikuwa kweli. Alitaja ishirini na watatu, akanyamaza. Mkewe alimtazama, akimngojea. Basi akaendelea, benchi baada ya benchi, kama walivyokuwa wakikaa uani kwake, na kila jina Dzigbodi alilipigia kidole juu ya shuka. Alitaja wote themanini na wanne. Mkono ukatulia, akasinzia. Hakuamka vizuri tena. Alifariki Jumamosi, tarehe 22 Julai, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na saba.

Ameacha mume, Edem. Mama mzazi, Mama Afiwa. Watoto wawili, Selasi na Mawuena. Kaka wawili, na dada mmoja, Yawa, aliyeandika wasifu huu na anayeusoma.

Shemeji Edem ameshindwa kusimama hapa. Ameomba lisomwe jambo moja. Anasema hajui kama mkewe alimwamini au alimhurumia tu, na swali hilo halimpi usingizi. Ninyi sitini na mmoja aliowataja ingawa hamkufaulu mpo hapa, tunawaona. Mlango wa ua wake uko wazi, michoro ipo, mbao za kukalia zipo. Anawaomba mrudie mtihani mwakani, kwa maana alimdanganya mtu anayekufa na hana njia nyingine ya kulirekebisha hilo.

Dada yetu Dzigbodi, pumzika kwa amani.