Bi Rimma Averbukh na Chumba cha Wanawake cha Lindesheim (1951–2023)

Bi Rimma Averbukh alizaliwa tarehe 3 Novemba 1951 mjini Chernivtsi, binti wa fundi saa na mshonaji. Alisoma shule zote huko huko, kisha akaenda Kyiv kusomea uchoraji wa ramani za majengo, akahitimu mwaka 1974. Walimu wake walikuwa na lalamiko moja tu: akikosea mstari kwa milimita, anachana karatasi nzima.

Mwaka 1976 aliolewa na Bwana Semyon, fundi wa lifti, wakajaliwa binti mmoja, Ilona. Mwaka 1995 walihamia hapa Lindesheim, bonde la mto Rhine. Rimma alisafisha ofisi za watu miaka saba kabla ya yeyote kuvikubali vyeti vyake.

Kazi iliyomla ilianza mwaka 2011. Sinagogi la kale la mji, lililochomwa mwaka 1349 pamoja na watu wake, lilikuwa limebaki ukuta mmoja, nyuma ya stoo ya muuza divai. Rimma aliupima jiwe kwa jiwe, akalijenga upya jengo zima ndani ya kompyuta, ili mtu akivaa ile miwani mizito inayoonyesha picha za kompyuta ajikute amesimama humo. Ukutani alikuta madirisha sita membamba yaliyozibwa. Akasema ng'ambo yake palikuwa na chumba cha wanawake, walikosikilizia sala za ukumbi wa wanaume kupitia madirisha hayo.

Kamati ya makumbusho ya mji, iliyotaka kulionyesha jengo hilo, ilikataa kukiweka chumba hicho.

"Hatuna ushahidi, Bi Averbukh," mwenyekiti alimwambia. "Na wageni wanataka kuona ukumbi, si kichumba cha giza."

"Na hayo madirisha sita yalikuwa ya nani? Ya ng'ombe?"

Wakaahirisha. Waliahirisha kwa miaka tisa. Kila barua iliomba mchoro mmoja zaidi, na kila mchoro ulizaa barua nyingine. Siku za barua, Rimma aligongagonga masufuria mpaka Bwana Semyon akachukua kofia yake na kwenda kutembea.

Septemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Januari aliwaita wanawake wa jumuiya yetu ya Wayahudi nyumbani kwake, akawavisha miwani mmoja mmoja. Bi Faina, mwenye miaka themanini na minne, aligeuza kichwa huku na huku.

"Kumbe huku hatuoni kitu," akasema. "Migongo ya wanaume tu."

"Ndivyo ilivyokuwa, shoga. Sikutaka kuwadanganya."

Tarehe 7 Machi kamati iliandika kwamba onyesho litafunguliwa Mei, ukumbi peke yake. Rimma alikataa kutia sahihi. "Waweke bila jina langu," alisema, na baada ya hapo ugonjwa ulimzidi, maneno yake hayakueleweka tena. Alifariki tarehe 9 Machi 2023, saa nne asubuhi, Ilona akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, na wajukuu wawili, Tamar na Lev. Leo asubuhi, kwenye mazishi, kamati imeleta shada la maua. Sisi kaburini huweka mawe, kwa hiyo shada limebaki getini. Chumba cha wanawake kimo kwenye kompyuta ya Ilona, na anayetaka kukiingia apige hodi kwake, siku yoyote isipokuwa Sabato.

Mungu ampe Rimma utulivu ambao sisi wa Lindesheim hatukumpa.