Kinuthia Asifukuzwe

Sogeeni karibu, wanangu. Mutheu, weka huo uji chini, sitaunywa. Mwau, kifungua mimba wangu, toka hapo mlangoni uketi. Kinuthia, usijifiche nyuma ya watu, maneno haya ni yako pia. Nitayasema mara moja tu, kwa sababu pumzi imebaki kidogo, na daktari wa Thika ameniambia wazi kwamba mapafu haya hayatapona.

Mnakumbuka Mutisya alivyorudi kutoka Somalia. Lori la jeshi liliingia hapa Ngoliba, sanduku likashushwa likiwa limefunikwa bendera, na afisa mmoja kijana akaniambia kwa adabu, "Mzee, tafadhali msilifungue." Sikulifungua. Nilimzika kitinda mimba wangu bila kumwona uso, na mama yenu Syombua akawa anapapasa zile mbao akitafuta kichwa cha mtoto wake kiko upande gani, mpaka wanawake wa kanisa wakamwondoa. Hakumaliza mwaka, naye tukamzika.

Baadaye Kinuthia, askari mwenzake Mutisya, alikuja na magongo yake, akaketi hapo uani, akatueleza yale ambayo afisa hakuyasema. Kambi yao ilivamiwa, yeye akapigwa risasi ya paja. Mutisya alikuwa ameshapanda gari la kuwatoa pale, akashuka, akarudi, akamburuta mwenzake hadi garini, na alipokuwa akimsukuma aingie ndipo naye akapigwa. Mwau, ulisimama ukamwambia, "Si ungekufa wewe!" Naye akakujibu, "Ni kweli." Akaokota magongo yake akaenda, na tangu siku hiyo hamjala meza moja.

Mke wa Kinuthia, Waceke, ndiye aliyenipigia simu. "Baba, nimeshindwa. Nawapeleka watoto kwa mama yangu. Kama unaweza, njoo umwone." Nilimkuta huko mtaa wa Kimbo, kwenye chumba cha kupanga, amelala sakafuni mchana kweupe, hata godoro ameliuza akanywa. Sitawadanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilishikwa na hasira. Nikamwambia, "Amka! Mwanangu hakushuka kwenye lile gari ili wewe uje kujiua polepole hapa." Akalia, akaniambia, "Mzee, haya maisha aliyoniachia sijui niyafanyie nini." Nikamwambia hata mimi sijui, lakini tutaanza na kuoga.

Nikamleta hapa. Mnajua alivyokuwa akipiga kelele usingizini mpaka mbwa wanabweka. Alirudia pombe, nikamfuata. Akairudia tena, nikamfuata tena, na miguu yangu hii mibovu. Leo anachomelea vyuma pale Eneo la Viwanda, na Waceke amerudi na watoto. Hakuna aliyemvika nishani kwa hayo. Anaamka, anaenda kazini akichechemea, anarudi hajalewa, anamsaidia Mwelu wa Mutisya hesabu, analala. Mimi sikumwomba zaidi ya hayo, na sidhani Mutisya angemwomba.

Sasa wewe, Mwau. Ulimjengea ndugu yako kaburi la vigae. Kila mwaka unaita watu, unakodi hema, unachapisha fulana zenye picha yake, unashika maikrofoni. Watu wakienda, unaketi pale kaburini na chupa. Shamba la chini limekuwa magugu, na watoto wako wakisikia mlio wa pikipiki yako wanakimbilia jikoni. Nilikuwa na wana wawili. Huko Somalia nilipoteza mmoja, na wa pili nimekuwa nikimpoteza hapa hapa nikimwangalia. Ukitaka kumheshimu ndugu yako, mwanangu, lima. Kaa na watoto wako. Yeye angelipenda sana kupata nafasi hiyo.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Shamba nimeshaligawa mbele ya chifu na wazee wa kanisa, hakuna siri. La juu ni la Mwau. La chini, lenye pampu, ni la Mutheu, mjane wa Mutisya, na binti yake Mwelu. Na Mutheu, wewe bado kijana. Ukipata mtu wa kukuoa, olewa, na shamba libaki lako. Ile pembe yenye nyumba ya Kinuthia ni ya Kinuthia. Asifukuzwe. Mwau, juzi nilikuwa macho ulipomwambia nje ya dirisha hili, "Mzee akizikwa, uhame." Nilisikia. Hatahama. Na jeneza langu mtalibeba mbele ninyi wawili, huyu kulia na huyu kushoto.

Mwau, mpe mkono. Nataka niwaone.

Mwau?

Ni mlango huo? Ametoka... Hapana, Kinuthia, usimfuate. Kaa. Mwacheni. Kama ameenda kule kaburini kwa ndugu yake atasikia baridi, mmoja wenu ampelekee koti.

Mutheu, niinue kidogo. Mungu awape kazi ya mikono na nguvu za kuifanya. Watoto wenu wawazike ninyi, msiwazike wao. Mwelu, mjukuu wangu... ukue. Na yule aliye nje, mwambieni baraka yake nimeitoa, sijaizuia. Mwambieni nilimtaja... nilimtaja kwanza...

Msifunge huo mlango.