Edith Bochaberi, Ndiye Aliyemchora Nyanya Mbuta

Mchungaji, wazee wa kanisa, shemeji zetu wa hapa Uriri, akina mama wa Sori mliofika na magari mawili, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu Jumapili hii ya tarehe 23 Machi 2025, mimi naitwa Okemwa Ogeto, kaka mkubwa wa marehemu, na kabla sijasoma alizaliwa wapi na alisoma wapi, nina kosa la kutubu, kwa sababu marehemu mwenyewe aliniagiza nianze nalo. Siku ya Alhamisi tarehe 19 Juni 2014, katika ofisi ya wakili mjini Migori, nikiwa nimeshika Biblia kwa mkono wa kulia, nilisema kwamba vitabu vya katuni vya Nyanya Mbuta vilichorwa na Bwana Nicholas Obare, na kwamba dada yangu Edith alisaidia kupaka rangi tu. Ulikuwa uongo, nami nilijua ni uongo wakati nausema, na Sabato iliyofuata nikasimama kanisani nikapitisha kikapu cha sadaka kwa mkono uleule.

Sasa nisome.

Marehemu Edith Bochaberi Ogeto alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 mjini Kendu Bay, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Zablon Ogeto, fundi viatu aliyehamia huko kutoka Kisii, na marehemu Mama Gesare, aliyeuza ndizi pale stendi. Alianza kuchora kabla hajajua kusoma, kwa makaa, kwenye makatoni ya viatu, na aliowachora zaidi ni wateja waliomtukana baba yetu, ambao aliwapa meno marefu na masikio ya punda, kisha akawabandika ukutani mahali ambapo wangeketi siku ya kurudi. Baba alimchapa kwa hilo, akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia akicheka peke yake mpaka akakohoa.

Alijiunga na shule ya msingi hapo hapo Kendu Bay mwaka 1986, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, akamaliza kidato cha nne mwezi Novemba 1997, na katika miaka hiyo yote aliadhibiwa mara nyingi kwa kosa moja tu, la kuwachora walimu. Siku moja alipigishwa magoti nje ya ofisi kwa sababu ya kumchora mwalimu wa Jiografia kama korongo, na alipoinuka, mchoro wa pili ulikuwa umekamilika pale chini kwenye mchanga, mzuri kuliko wa kwanza.

Mwaka 1999 alihamia Sori, Nyatike, akaanza kuuza samaki, omena wadogo na mbuta wakubwa, pamoja na Mama Rispa, ambaye ni yule aliyeketi pale mbele na leso ya kijani, na akina mama wa pale walimpokea, wakamwita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, wakamfundisha kupima samaki na kugombana na wenye mashua. Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa takatifu hapa Uriri na Bwana Wesley Maroa, fundi wa mawe, mtu mpole ambaye amelia kwa siku kumi na mbili bila kumlaumu mtu yeyote, na hiyo kazi ya kulaumu ameniachia mimi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Liz aliyezaliwa mwaka 2005 na Valary aliyezaliwa mwaka 2009.

Ni huko Sori, mwaka 2004, ndiko Nyanya Mbuta alikozaliwa, na hili naomba mlisikie vizuri, hata mlio kwenye hema la pili. Nyanya Mbuta ni kizee kifupi chenye jicho moja, beseni la samaki kichwani, mizani mkononi, na kazi yake ni kumfuata mtu aliyemdhulumu mnyonge, awe mfanyabiashara, chifu au mzee wa kanisa, amshike kola, amlete sokoni mchana, mpaka akiri kwa mdomo wake mwenyewe. Katika vitabu vyote alivyovichora Edith, hakuna hata kimoja ambamo kizee huyo alimwachilia mtu kabla hajakiri.

Na Edith alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kwenye katuni kuna lile duara linalotokea mdomoni mwa mtu, lenye maneno anayosema, yeye aliliita kiputo. Alichora picha zote kwanza, akaacha viputo vitupu, akazibeba karatasi mpaka ufuoni, akazibana kwa vibanio vya nguo juu ya nyavu za kuanikia omena, kisha akawauliza akina mama, "Hapa anasema nini?" Mama Rispa angesema, "Mwambie, wewe mwizi, hata nzi wa samaki wangu wana aibu kukushinda!" Mwingine angedakia, "Rispa, hayo hayataenea humo," naye Rispa angemgeukia Edith, "Basi nyathina, mwanangu, mwongezee mdomo." Wakabishana, wakacheka, na neno lililowachekesha wote zaidi ndilo lililoandikwa. Kwa hiyo mnaposoma Nyanya Mbuta mnasoma mkono wa Edith na midomo ya akina mama wa Sori, na hakuna mtu mwingine ndani yake.

Bwana Nicholas Obare tulikua naye Kendu Bay, tulibatizwa siku moja, na mwaka 2007, akiwa na duka la uchapishaji pale Migori, ndiye aliyechapisha kitabu cha kwanza, na kwa hilo Edith alimshukuru kila alipomtaja. Vitabu vilipofika sita, vikawa vinasomwa kutoka Muhuru mpaka Oyugis, Nicholas alikuja Sori, mwezi Septemba 2010, akala samaki kwa Edith, akasema anakwenda ng'ambo kwenye maonyesho ya vitabu, akaomba karatasi halisi za vitabu vyote sita ili awaonyeshe wazungu, na kwa kuwa alikuwa na haraka akabeba na za kitabu cha saba, ambazo zilikuwa bado hazijapelekwa ufuoni, viputo vyake vyote vikiwa vitupu. Edith alimfungia zile karatasi kwa kanga yake ya harusi zisilowe. Kanga hiyo haikurudi.

Mwaka 2012 vitabu vilichapishwa ng'ambo, na kwenye jalada paliandikwa kwamba mtunzi na mchoraji ni Nicholas Obare. Leo vinauzwa katika nchi ishirini na mbili, katika lugha ambazo mimi siwezi hata kuzitamka, watoto wa mbali wanavaa fulana zenye jicho moja la yule kizee, na tumemsikia Nicholas redioni akieleza kwamba alimpata Nyanya Mbuta kutoka kwa nyanya yake mzaa baba. Mimi nyanya huyo nilimjua. Aliishi mlimani maisha yake yote, na harufu ya samaki ikipita njiani alikuwa akifunga dirisha.

Edith alipodai jina lake, wakili wa Nicholas aliomba shahidi wa familia, na shahidi huyo nilikuwa mimi. Nicholas alikuwa amenipa kazi ya kuendesha gari la kampuni yake, lakini nisijifiche nyuma ya kazi, kwa sababu nilikuwa pia na aibu, wazee wenzangu wa kanisa walizoea kuniuliza kama dada yangu, mama mzima, bado anachora vikaragosi, na chini ya aibu kulikuwa na wivu, maana mimi ndiye niliyesomeshwa zaidi na hakuna aliyejua jina langu kupita Kendu Bay. Nilipomaliza kusema uongo wangu, Edith aliniangalia kuanzia viatu mpaka shingoni, akasema, "Sawa, kaka. Hiyo tai imekupendeza." Akatoka, dai lake likaishia hapo, akarudi Sori kuuza omena, na kwa miaka kumi hakunitukana hata mara moja, nami ningetamani angenitukana.

Lakini Mungu si mtu wa kuchezewa, kwa maana kile kitabu cha saba kilimshinda Nicholas. Viputo vilikuwa vitupu, hakuwa na Rispa wala ufuo, ikabidi ajaze mwenyewe ofisini. Nendeni ukurasa wa mwisho wa kitabu hicho, mtaona Nyanya Mbuta amemkaba mchuuzi laghai mpaka miguu imeacha ardhi, macho yamemtoka, na kwenye kiputo cha kizee kumeandikwa, "Nakusamehe, kijana wangu, nenda zako salama." Ng'ambo walisifu sana, wakasema ni hekima ya Kiafrika, na ndicho kitabu kilichouzwa kuliko vyote. Nakala ilipofika Sori, Mama Rispa aliisoma kwa sauti, akaifunga, akasema, "Huyu si kizee wetu. Huyu ni mke wa mheshimiwa." Soko zima lilicheka siku nzima, na Edith naye alicheka, na Liz ananiambia kwamba usiku huo mama yake alichonga penseli zote za nyumbani.

Mwezi Januari 2023 alianza kushindwa kumeza chakula, akapimwa Homa Bay, akaambiwa ni saratani ya koo, akatibiwa huko na baadaye Kisumu kwa miezi mingi, na ilipofika Agosti mwaka jana sauti yake ilikwisha kabisa. Tangu hapo alizungumza kwa karatasi. Alichora kiputo akaandika ndani yake, maji, au, funga mlango, au, mwambieni Maroa aoge, na alipotaka wewe ndiye useme, alichora uso wako, akaweka kiputo kitupu, akakupa penseli.

Tarehe 9 Februari mwaka huu, saa nne asubuhi, nilikwenda kumwona, akanichora mimi, nikiwa na ile tai, na kiputo kitupu. Alinipa penseli. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa, kisha nikaandika, Nilidanganya, naomba msamaha. Alisoma, akanirudishia karatasi, akachora chini yake umati wa watu, akauzungushia mstari mara tatu, nikaelewa kwamba msamaha wangu hauko kwake peke yake, uko kwenu, na ndiyo sababu nimeanza jinsi nilivyoanza. Karatasi hiyo ninayo hapa mfukoni.

Siku mbili baadaye alianza kuchora ukurasa mmoja wa mwisho, akiwa ameegemea mito, Valary akimshikia ubao, na ulimchukua wiki tatu kwa sababu alichora mistari michache tu kwa siku. Alipoumaliza alimpa Liz, akamwandikia usifunguliwe mpaka siku ya mazishi. Tarehe 11 Machi 2025, Jumanne, saa nane mchana, alitutoka, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay na wa Kisumu, hasa yule muuguzi wa zamu aliyejifunza kusoma viputo haraka kuliko sisi, nawashukuru majirani wa Uriri kwa kuni, maji na mahema, nawashukuru wenzake wa kazi, ambao ni akina mama wa ufuo wa Sori, na nasema wenzake wa kazi nikimaanisha kazi zote mbili.

Mchungaji aliniita kando jana akanisihi nimwachie Mungu mambo mengine. Nimeomba, Mchungaji. Nimefunga siku tatu nikiomba hasira hii iondoke, haikuondoka, nikaona afadhali niilete hapa mchana, mbele ya jeneza na mbele yako, kuliko kwenda nayo nyumbani. Na Liz aliniambia asubuhi, "Mjomba, ukilegeza, mimi nitachukua hiyo maiki."

Kuna shada lililoletwa Ijumaa, lile kubwa lililozidi jeneza, lenye utepe ulioandikwa, Kwa msaidizi wangu mpendwa, kutoka kwa mtunzi wa Nyanya Mbuta. Aliyelileta ameketi hema la kwanza, safu ya mbele, shati jeupe, na programu inasema atazungumza baada yangu. Asihangaike kutafuta maneno, Edith alishamwandalia nafasi.

Liz, inua huo ukurasa juu watu wauone. Mnaona mahema, mnaona jeneza, mnaona shada kubwa kuliko jeneza, na mkumbuke alilichora likiwa bado halijanunuliwa. Mnaona mwanamume wa shati jeupe amesimama, na nyuma yake kizee chenye jicho moja kimemshika kola. Na mdomoni mwa mwanamume huyo mnaona kiputo, nacho ni kitupu.

Dada yangu Bochaberi, mwana wa mama yangu, kazi umeimaliza, kalamu umeiweka chini, lala sasa kwa upole, ila usizame usingizini kabla hujasikia jibu.

Nicholas, ndugu yangu wa ubatizo, mimi nimekiri changu mbele ya watu hawa na bado nimesimama. Kalamu ni hii. Tafadhali, njoo ujaze.