Mama Kunyoosha na Mabenchi Yaliyotoweka

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Kunyoosha anastaafu. Miaka ishirini na sita amenyoosha viungo vya watu kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali yetu, na mimi mlinzi wa geti nimemfungulia kila asubuhi. Mkitafuta anayemjua kuliko mimi, mtachoka bure.

Alipofika tu, aliondoa mabenchi mlangoni kwake. Anayesubiri, asubiri huku anatembea koridoni. Mimi nikajua tumeibiwa. Nikapuliza filimbi, nikafunga geti, nikapekua gari la mganga mkuu mpaka chini ya viti. Kumbe mabenchi yako nyuma ya chumba cha kufulia, na mwenyewe anacheka. Tangu hapo akaniita Kaka Upekuzi.

Halafu mke wangu akapata saratani ya titi. Upasuaji ulikwenda vizuri, akapewa vidonge vya kuzuia homoni, vya miaka mitano, ili ugonjwa usirudi. Vidonge navyo vikamtesa: joto linampanda ghafla kama amekalia jiko, magoti yanalia kuliko geti langu. Siku moja akavisukumia nyuma ya droo, akasema hamezi tena. Mimi ninayetisha wezi, yeye sikumweza.

Nikampeleka kwa Mama Kunyoosha. Hakumgombeza. Alimwambia, "Wifi, kidonge ni cha daktari, na utakimeza. Haya maumivu tutapambana nayo mimi na wewe. Haya, simama."

Wakaanza. Korido kwenda na kurudi, kunyanyua chupa zilizojazwa mchanga, kunyoosha vidole kabla hajashika sufuria. Kwa joto, nguo nyepesi za pamba za kuvua moja moja, kuvuta pumzi polepole, pilipili na chai ya moto kupunguza, na feni. Hiyo feni ndiyo imenifanya mimi nilale na koti. Joto halikuisha lote, lakini lilishika adabu. Nami nikajitolea kutembea na mke wangu na wagonjwa wenzake niwaonyeshe mwendo. Waliniacha kwenye dirisha la maabara nimeshika ukuta, na mpaka leo wananiuliza kama nimefika.

Mke wangu alivimaliza vidonge vyote. Ijumaa, tukimuaga Mama Kunyoosha, atasimama mstari wa mbele. Msimpe kiti, atawacheka.

Dada, asante. Sote hapa tunakutakia uzee wa miguu myepesi na magoti yasiyolalamika. Ukifika getini nitakupekua kama kawaida: ukiwa na benchi, litabaki. Mengine yote beba, isipokuwa mke wangu. Huyo ulishanirudishia.