Jumapili Saa Tisa Ni Yetu

Wewe Mwai, leta hicho kipaza sauti na ukae chini. Umenitambulisha hapa ati mimi ni "mama mzee aliyetoka kijijini kuja kutubariki." Kijiji gani? Niko Nanyuki miaka hamsini na moja, nyumba ya tatu kutoka hapa, na wewe mwenyewe ulikuwa unapitia kwangu kuomba maji ukitoka shule. Usinizeeshe mbele ya watu halafu unihamishe mji.

Sasa nisalimie watu. Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, ambaye leo umefika mapema kwa sababu kuna chakula, Mchungaji, wazee wenzangu, wageni wetu wa hoteli mlioketi kwenye viti vya mito, na nyinyi majirani mliosimamishwa juani nyuma ya kamba: hamjambo? Mimi ni Wachuka, mke wa marehemu Gatimu fundi wa mawe, aliyeijenga hii nyumba. Mwenye mkahawa mpya unaofunguliwa leo pia ni Gatimu, mjukuu wangu. Kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake, na nyanya, yaani cucu, humwita mume wangu, kwa hivyo wageni msishtuke. Huyu ndiye mume pekee ambaye nimemfulia nepi.

Mume wangu, umependeza. Nyumba pia umeipendezesha: vioo, taa, maua ndani ya mikebe, na kahawa ya shilingi mia nne kikombe, kahawa ile ile dada zangu wanachuma Tetu mpaka vidole vinapasuka. Sijui mnaiongezea nini. Lakini wamesimama watu watano kuongea tangu mchana, na wote wanasema hapa palikuwa na "jengo kuukuu." Hakuna hata mmoja wenu anayekumbuka jengo hilo lilikuwa la nini?

Lilikuwa ukumbi wa ngoma. Kila Jumapili saa tisa, tukishatoka kanisani na kula, Dedan Ngatia alikaa pale na gitaa lake moja, na sisi tukashikana viuno kama mabehewa ya gari la moshi, tukazunguka ndani, tukatoka na mlango huu, tukapita barabarani magari yakitungoja, tukarudi na mlango ule. Hiyo ndiyo mugithi yetu, na Dedan alitupigia miaka ishirini na mbili. Mzee wangu alipokufa, nilikaa kitandani miezi minne nimegeukia ukuta. Hawa wanawake walio nyuma ya kamba ndio walikuja wakaniinua, wakanileta hapa, mmoja akanishika kiuno kutoka nyuma. Siku hiyo sikucheza. Nilitembea tu. Lakini nilitoka na mlango huo nikaona barabara, nikajua bado niko.

Halafu kodi ya ukumbi ikapanda mara tatu ndani ya mwaka mmoja, Dedan akashindwa kulipa, na siku hizi anapiga huko Chaka, nyuma ya bucha. Nilimuuliza mume wangu kwa nini. Akaniambia, "Cucu, si mimi. Ni soko imeamua." Basi nikabeba kiondo changu nikaenda sokoni. Nikamuuliza Ahmednoor wa mbuzi, ni wewe umeamua? Akasema, "Wallahi mama, mimi hata bei ya mbuzi wangu sijaamua leo." Nikamwendea Khadijo, ambaye duka lake la nguo limepakana na ukuta huu, na ambaye kwa miaka ishirini alinung'unika juu ya kelele zetu. Khadijo, simama wakuone. Aliniambia, "Mama, gitaa nililizoea. Sasa mashine ya kahawa inakohoa mchana kutwa kama ngamia mgonjwa." Basi huyu soko ni nani? Kama yuko hapa, naye asimame.

Mnacheka, na mcheke tu. Lakini mimi pia niko na kosa langu, na nitalisema mwenyewe kabla halijasemwa na wengine. Mwaka juzi Gatimu aliniletea karatasi, akaniambia ni ya kutengeneza paa. Sijui kusoma. Niliona aibu kumwita jirani anisomee, nikatia kidole, kumbe ilikuwa ya kumwandikia yeye nyumba hii. Dedan alipokuja kuniuliza, "Cucu, ni kweli ulitia kidole?" nilimjibu ndiyo. Hakunitukana. Angenitukana ningekuwa nimelala vizuri.

Sasa tazameni huo ukuta, juu ya mashine. Mwenye gitaa kwenye hiyo picha kubwa ni Dedan. Na huyo aliyetupa mgongo, mwenye leso ya maua na makalio mapana, ni mimi. Nani aliniomba ruhusa? Kuna mgeni mmoja amekunywa kahawa yake hapo chini akiyatazama, akasema ati ni picha nzuri sana. Sibishani naye. Lakini nikiingia hapa nimempita Dedan getini, Moffat askari amemzuia kwa sababu jina lake haliko kwenye orodha. Picha yake mmeiwashia taa, yeye mwenyewe mmemwacha na vumbi. Gatimu, hiyo ni akili ya wapi?

Ratiba yenu inasema huu ndio wakati wangu wa kubariki nyumba. Wote mnajua mzee wa kwetu akibariki hutema mate kidogo. Mheshimiwa, usirudishe kiti nyuma, hayatakufikia. Shida ni kwamba mdomo wangu umekauka. Unasema nini, Gatimu? Toa sauti, watu wasikie. Ati, "Cucu, hayo tutaongea nyumbani"? Hapa ndio nyumbani. Babu yako alichonga haya mawe moja moja, na jioni alikuwa akikohoa vumbi lake.

Sikukatazi biashara. Uza kahawa yako Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili asubuhi uuze pia, hata uipandishe bei kama watu wako wananunua. Lakini Jumapili saa tisa mpaka saa kumi na mbili ukumbi ni wetu, bila kodi, na Dedan ndiye anapiga. Iandikwe leo. Na safari hii Khadijo ataisoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya hawa wote, ndipo nitie kidole. Bila hiyo sibariki, na unajua hakuna mama wa mji huu ataingiza mguu hapa kabla sijabariki.

Wote mliovumilia jua na ulimi wangu, nawashukuru. Mmenisikia, na maneno yangu yameisha.

Gatimu, inuka. Nenda getini wewe mwenyewe, usitume mtu. Mshike Dedan mkono, umbebee gitaa, umpitishe mlango wa mbele. Moffat, toa hiyo kamba. Na nyinyi vijana wa suti, leo ni Jumapili na imebaki robo saa: sukumeni meza ukutani.