Siku Masasi Walipovuta Maji ya Newala: Mama Filemoni Anashuka Kwenye Boza

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini ya utumishi, Bi. Scholastika Nandonde atakabidhi funguo za boza la maji na kuwa mwananchi wa kawaida mwenye ndoo, kama sisi wengine. Mji wa Newala haujazipokea vizuri habari hizi. Sokoni mama mmoja muuza mbaazi ameuliza kama sheria ya kustaafu inawahusu na madereva wa maji, au ni ya walimu peke yao.

Bi. Scholastika ni jina la kwenye hati ya mshahara. Mtaani ni Mama Filemoni, na ukimtafuta kwa jina lile jingine utazunguka mpaka jioni. Alizaliwa Chilangala, katikati ya mikorosho, akaolewa na dereva wa lori la korosho aliyekuwa akitoka Tandahimba kwenda Mtwara. Mume alipougua mgongo, yeye ndiye aliyekamata usukani ili mzigo ufike, huku mgonjwa amelala pembeni akimfundisha gia kwa kunung'unika. Hivyo ndivyo alivyojifunza udereva, na mume wake, Mungu amrehemu, alizoea kusema kwamba mgongo ule ndio ulioiletea Newala neema.

Alikuja kuomba kazi kwenye karakana yetu mwaka 1995. Wazee wa usaili walilitazama boza, wakamtazama mwombaji, wakalitazama boza tena. Mmoja akamwuliza kwa upole, "Mama, gari hili likijaa maji ni zito kweli kweli. Utaliweza mlimani?"

"Mzee wangu," alijibu, "mimi nimepandisha maji mlima huu kichwani tangu nikiwa mtoto, na shingo yangu haina breki. Hili lenu si lina breki?"

Aliajiriwa siku hiyo hiyo.

Mgeni anayehamia Newala hujifunza mambo matatu haraka. La kwanza, kwamba baridi yetu ya Juni si mzaha. La pili, kwamba ukisimama kwenye genge la Shimo la Mungu asubuhi ukungu ukifunguka, bonde lote la Ruvuma linakuwa lako, na hakuna mji mwingine utakaokupa kitu kama hicho bure. La tatu ni honi ya Mama Filemoni. Mabomba yakikauka, na hukauka, honi ile ikilia kona ya msikiti, msusi huacha kichwa nusu, fundi cherehani huacha mguu wa suruali, na hata watumishi wa ofisi fulani ambayo hatutaitaja hukumbuka ghafla kuwa wana dharura nyumbani. Arusi za mji huu hupangwa kwa kufuata mambo mawili, kalenda na ratiba ya boza. Padri na shehe wote wawili humpigia yeye kwanza.

Sifa zake zilivuka mipaka. Mwaka mmoja Tandahimba waliazima boza kwa ajili ya sherehe yao, na ilipofika siku ya kulirudisha wakawa wazito. Mara tairi, mara chakula hakijaiva. Walimpikia ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, wakamwahidi kanga. Mama Filemoni alirudi Newala boza limepambwa maua mpaka kwenye vioo, na pembeni yake, kwenye kiti cha utingo, ameketi kanga. Si wa kuvaa. Kanga wa manyoya, anayepiga kelele. Hamidu, utingo wake, mtu mzima wa miraba minne, alisafiri nyuma juu ya tangi kwa kuwa ndege yule alikuwa akimdonoa.

Lakini jambo ambalo wajukuu wetu watasimuliwa ni la bonanza la watumishi.

Kila mwaka sisi na wenzetu wa Masasi tulikuwa tukikutana kuvuta kamba. Sharti lilikuwa moja tu: aliyeshindwa anamchezea ngoma aliyeshinda, mbele ya umma, bila kununa. Tulikuwa tumewachezea Masasi mpaka wanatujua hatua zetu. Nao wana maneno. Walidai kwamba Newala watu hupiga mswaki kwa zamu. Sisi tukiwaambia kuwa kwao ni mawe na joto, wanajibu kwamba afadhali jiwe, halikauki.

Mwaka huo ilikuwa zamu yetu kuwa wenyeji, na mabomba yalikuwa makavu kabisa. Wageni walikuwa njiani, vyungu vilikuwa vitupu, na jambo zito zaidi ni kwamba wodi ya wazazi ilikuwa imebakiwa na ndoo za kuhesabika huku wajawazito wakiendelea kupokelewa. Mama Filemoni na Hamidu waliteremka asubuhi kwenye kisima cha bondeni, upande wa barabara ya Masasi, wakajaza boza mpaka mdomoni. Wakati wa kurudi, katikati ya mlima, magurudumu ya nyuma yakazama kwenye mchanga. Kila alipokanyaga mafuta, boza lilizidi kujichimbia.

Alimpigia mhandisi wetu, Bwana Gregory, kijana wa Moshi aliyekuwa katika mwezi wake wa kwanza kazini. Tulikuwa tumemzunguka uwanjani, simu ameiweka sauti ya wazi, kwa hiyo tulisikia wote.

"Mama Filemoni, shikamoo. Mwaga nusu, gari liwe jepesi, lipande."

"Marahaba, mwanangu. Nusu ipi? Ya wageni au ya wazazi?"

Bimdogo, mpishi mkuu wetu, akaweka mwiko chini na kusema, "Tukimwaga ya wageni watakula nini, na ya wazazi nani atathubutu kuimwaga?" Hapakuwa na gari jingine la kumvuta. Tulijiandaa kuwapokea Masasi kwa midomo mikavu.

Kumbe Masasi walikuwa wamekwisha kufika, ila si kwetu. Kosta yao ilikuja ikipanda mlima kwa nyimbo na vigelegele, ikapiga kona, ikakuta boza la Newala limeinamisha makalio barabarani. Akashuka kapteni wao, Bwana Kulwa, afisa mifugo mwenye mabega ya kubebea mlango. Nyuma yake wakashuka wavutaji wote.

"Shikamoo, mama. Pole na safari."

"Marahaba, baba. Kamba mnayo?"

Kamba walikuwa nayo, mpya, nene. Walikuja na yao kwa sababu mwaka uliotangulia ya kwetu ilikatika wakati tunaelekea kushindwa, na hawakuamini kwamba ni Mungu.

Kulwa alicheka mpaka akashika magoti. "Jamani Newala! Hata uwanjani hatujafika, mmeshaomba mvutwe!"

"Cheka, baba, una haki," alisema Mama Filemoni. "Ila ukimaliza kucheka, huko juu kuna wanawake wanajifungua, na maji yao ni haya."

Kicheko kiliisha hapo hapo. Hamidu anasimulia kwamba Kulwa alivua shati, akalikunja, akalitundika kwenye kioo cha boza. Walifunga kamba kwenye chuma cha mbele. Mama Filemoni akaingia kwenye usukani, Hamidu akawa nyuma na mawe ya kuzuia magurudumu. Masasi wakavuta. Kamba ikalia, mchanga ukaruka, boza likapanda kidogo na kurudi. Wakavuta tena, wakateleza, wakaanguka kama magunia. Loyce, mwanamke pekee katika timu yao, karani mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko honi, ndiye aliyeanzisha wimbo wa kazi, na kwa wimbo ule boza lilichomoka. Halikumwaga hata kikombe.

Boza lilipita uwanjani bila kusimama, likaenda moja kwa moja wodini, ndipo likarudi jikoni kwetu. Sisi tulishangilia pembeni mwa barabara kama watu wanaopokea kombe. Mchana huo Esha, mke wa fundi baiskeli, alijifungua mtoto wa kiume. Jina lake la kwenye cheti ni zuri sana, lakini mtaa mzima unamwita Kamba.

Baada ya kula tukaingia kwenye mashindano. Masasi walishika kamba mikono imechoka, viganja vyekundu. Tuliwavuta mara ya kwanza kabla filimbi haijaisha kulia. Mara ya pili Kulwa alikaa chini mwenyewe. Newala ilikuwa imeshinda, kwa mara ya kwanza! Watu wazima tulibebana. Mkuu wa idara alipoteza kiatu kimoja, na hakijapatikana.

Ndipo Mama Filemoni akaingia katikati ya uwanja, akainua mkono. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Hawa wamevuta mara mbili," alisema. "Sisi tumevuta watu waliochoka. Mimi nitawachezea. Anayetaka kubaki amesimama, abaki."

Akafunga kanga kiunoni, akawaita wapiga ngoma. Alianza peke yake, miaka yake hamsini ikiruka kama ishirini. Bimdogo akamfuata na mwiko wake. Kisha Gregory wa Moshi, ambaye kiuno chake kilikuwa kinaisikia sindimba kwa mara ya kwanza na hakikuielewa. Mwisho Newala yote ikawa inawachezea walioshindwa, na walioshindwa wakashindwa kukaa. Loyce aliingia, Kulwa akaingia, na hakuna aliyejua tena nani ni wa mji gani. Tangu siku hiyo lile neno la mswaki wa zamu hatujalisikia kutoka Masasi. Na Loyce, baada ya miaka michache, aliomba uhamisho kuja kwetu. Hakutaka ukarani. Alitaka kufundishwa boza.

Amefundishwa. Kazi haikuwa laini, maana mwalimu wake hasifii mtu. Akifurahi anakohoa, akichukia anakohoa zaidi. Wiki iliyopita Loyce alipandisha boza lililojaa kwa mara ya kwanza, Mama Filemoni ameketi kwenye kiti cha abiria. Tulisubiri karakana tusikie hukumu. Boza likaingia taratibu, likasimama. Loyce alishuka akinyata, kidole mdomoni, machozi yakimtiririka huku anacheka. Tulichungulia dirishani. Mama Filemoni alikuwa amelala usingizi mzito, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Madereva wote tulivua kofia. Dereva halali kwenye gari asiloliamini.

Mama, tunakushukuru kwa kila ndoo. Nenda Chilangala ukapumzike, mikorosho izae mpaka matawi yaombe msaada, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na kila asubuhi uamke ukikuta mtungi umejaa na aliyeujaza si wewe. Usiamke mapema, mama. Maji yatafika.